Usiku Mmoja Chumbe: Bahari Iliyowekewa Mlango

Kwa mazoea yetu sisi watu wa pwani, bahari haina mlango. Shamba lina mpaka, kiwanja kina hati, nyumba ina kufuli. Lakini bahari ni ya kila mwenye ngalawa, mshipi na nguvu za kupiga kasia. Wazee wetu waliishi juu ya mazoea hayo na hawakupungukiwa, kwa kuwa wavuvi walikuwa wachache na zana zao zilikuwa za wastani. Leo, kutoka Vanga hadi Kiunga, ni nadra kumkuta mzee wa bahari asiyesimulia kwamba ujanani mwake dema moja lilimtosheleza yeye na majirani, na kwamba mjukuu wake hushinda baharini kutwa akarejea na kitoweo kisichojaza sufuria.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo barazani halimalizwi kwa kikombe kimoja cha kahawa. Kipande cha bahari kikifungwa na kuachwa kabisa, je, huko si kumdhulumu mvuvi? Na kikiwa wazi siku zote kwa kila mtu, je, huko si kumdhulumu mtoto wa mvuvi?

Kwa sababu ya swali hilo tuliamua kwenda kulala usiku mmoja Chumbe, kisiwa kidogo kilichoko kusini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako pande la bahari limefungwa tangu mwaka 1994. Tulikwenda wake kwa waume, watu wazima na watoto, kwa kuwa jambo lenyewe ni la nyumba nzima. Haya ndiyo tuliyoyaona, na haya ndiyo tunayodhani yafaa kujadiliwa katika nyumba zetu.

Kisiwa kisicho na kisima

Chumbe ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Urefu wake ni kama kilomita moja na eneo lake halifiki hekta 25. Hakina kijiji, hakina barabara, wala hakina kisima cha maji matamu. Upande wake wa magharibi, karibu kabisa na ufuo, umepita mwamba wa matumbawe ambao wataalamu wamehesabu ndani yake zaidi ya aina 400 za samaki na takriban aina 200 za matumbawe magumu.

Utajiri huo haukusalia kwa hekima ya mtu. Ulisalia kwa sababu mbili ambazo hazikuwa na nia yoyote ya hifadhi. Ya kwanza, kisiwa kiko kando ya njia ya vyombo vikubwa vinavyopita baina ya Dar es Salaam na bandari ya Zanzibar, na ngalawa za uvuvi zilizuiwa zisije zikaziba njia. Ya pili, jeshi lilikuwa na kambi katika pwani inayotazamana na kisiwa, na mazoezi ya kulenga shabaha yaliwafanya wavuvi wakae mbali. Basi wakati miamba mingine ya Afrika Mashariki ikipigwa baruti na kuburutiwa juya, mwamba wa Chumbe ulikuwa umepumzika.

Mwaka 1991, mwanamke wa Kijerumani aitwaye Sibylle Riedmiller, aliyekuwa ameishi na kufanya kazi Zanzibar, alianza kuiomba serikali ulinzi wa hiari uchukue nafasi ya ulinzi wa bahati. Mwaka 1994 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikautangaza mwamba wa magharibi, kama hekta 30 hivi, kuwa hifadhi isiyovuliwa, pamoja na msitu wa kisiwa chote, na ikaukabidhi usimamizi kwa kampuni aliyoianzisha, ambayo haikukusudia kugawana faida. Wageni walioanza kupokewa miaka michache baadaye ndio wanaogharimia walinzi, boti na masomo ya wanafunzi. Mwaka 2000 mradi huo uliingizwa katika orodha ya heshima ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa kwetu Nairobi.

Masharti kabla ya chakula

Boti huondoka Mbweni asubuhi, na safari haifiki saa moja. Kisiwa hakina gati. Chombo hufungwa kwenye boya, kwa kuwa nanga hairuhusiwi kugusa mwamba, na abiria hushuka katika maji ya magoti wakiwa wamebeba viatu mkononi. Bibi wa umri wa miaka sitini na ushei aliyekuwa katika msafara wetu alishikwa mkono na baharia kwa adabu zote, akaitwa mama, akafikishwa mchangani bila ya kulowa kanga.

Kabla ya kukaribishwa chakula, tulikalishwa chini ya paa kubwa la makuti, lililojengwa juu ya magofu ya nyumba ya mlinzi wa zamani wa mnara wa taa, tukasomewa masharti. Kombe na makoa yabaki yalipo, hata yaliyo matupu, kwa kuwa kuna kaa atakayeyahitaji. Matumbawe yasiguswe kwa mkono wala kukanyagwa. Asiwepo anayetoka nje ya njia ya msituni. Usiku, kila mtu atembee na tochi yake, kwani nje hakuna taa inayowashwa. Mmoja wa watoto wetu aliuliza kama mawe ya baharini nayo huumia. Mwongozaji wetu akacheka, akamwambia kwamba hilo ndilo somo la mchana.

Wageni wa kulala ni wachache, kwa sababu nyumba za wageni ni saba tu, na haziongezwi. Kila moja imejengwa kwa boriti na makuti, kitanda kikiwa darini na baraza chini ikielekea bahari. Hakuna vioo, hakuna kiyoyozi. Upepo wa kusi huingia mlango huu ukatokea ule.

Siri ya nyumba hizo imo katika paa. Mvua ikinyesha, maji hukusanywa kutoka paani, huchujwa, kisha hushuka katika birika lililochimbwa chini ya sakafu. Mgeni huyapandisha kwa pampu ya mkono, na jua ndilo linaloyapasha moto. Yakishatumika, maji ya kuogea hupitishwa katika kitalu cha mimea inayoyasafisha kabla hayajafika baharini. Choo hakina maji ya kuvuta. Taka hugeuzwa mboji kwa majani makavu. Anayestanji ajue kwamba choo cha namna hii hakipendi mafuriko. Kopo dogo latosha, nasi tulitosheka nalo.

Sote tumefundishwa tangu chuoni kwamba israfu ya maji ni makosa hata katika udhu. Ni jambo jingine kabisa kuchukua udhu ukijua kwamba maji yaliyo mbele yako ni mvua ya masika iliyopita, na kwamba yakiisha hakuna pa kuyatoa isipokuwa kuyavukisha kwa boti. Vijana wetu, ambao nyumbani huacha bomba likitiririka wakati wakisaka taulo, walichukua udhu wa alasiri kwa kopo moja kila mmoja. Hakuna aliyewakumbusha.

Mawe yaliyo hai

Mchana tuliingia majini. Uzamiaji wa mitungi ya hewa hauruhusiwi kwa wageni. Huvaliwa miwani ya maji na mrija wa kupumulia, ukaelea juu na kutazama chini. Wanawake wetu walivaa mavazi yao ya kuogelea yenye stara kuanzia kichwani hadi miguuni, wakaingia pamoja na mwongozaji wakishikilia boya, na hawakupata usumbufu wowote. Tunalitaja hilo kwa sababu twajua kwamba kwa familia nyingi hilo ndilo swali la kwanza, na pengine ndilo linalowanyima mabinti zetu nafasi ya kuiona bahari iliyowalea.

Tulichokiona chini tunakiandika kwa uchache. Pono wa rangi ya kijani walikuwa wakiyaguguna matumbawe, na mlio wa meno yao ukasikika masikioni kama mtu anayetafuna bisi. Vitatange walipita wawili wawili. Chewa mkubwa alijibanza chini ya jabali akitutazama pasi na kutukimbia. Samaki wa kawaida wa sokoni, changu na tasi, walikuwa na ukubwa ambao wengi wetu hatujawahi kuuona juu ya meza ya muuza samaki.

Kisha likaja somo lililoahidiwa. Pwani nzima ya Waswahili imezoea kuyaita matumbawe mawe. Haishangazi, kwa kuwa kuta za Mji wa Kale wa Mombasa na za Lamu zimejengwa kwayo, na chokaa yake imechomwa kutokana nayo. Aliyeswali mbele ya mihrabu ya kale ameswali mbele ya matumbawe. Lakini kila tumbawe ni mji wa viumbe wadogo mno, kila kimoja na mdomo na mikono yake, wanaojijengea nyumba ya chokaa na kuishi pamoja na mimea midogo isiyoonekana, inayowapa chakula na rangi. Bahari ikipata joto kupita kiasi, mimea hiyo huondoka, tumbawe likageuka jeupe, na joto likidumu hufa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika eneo kubwa la Bahari ya Hindi mwaka 1998, kwetu Kenya na Tanzania vilevile.

Tumbawe la mviringo, lile linalofanana na kichwa, huongezeka kwa kadiri ya sentimita moja tu kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, jabali lenye kimo cha mtu mzima lilianza kukua kabla ya babu zetu kuzaliwa. Nanga moja ya mashua yaweza kulivunja kwa muda wa kutia nia ya swala. Yule mtoto aliyeuliza kuhusu maumivu ya mawe hakusema neno hadi tuliporudi ufuoni.

Mnara na msikiti

Katikati ya kisiwa umesimama mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904 ili kuongoza vyombo vinavyoingia Zanzibar. Una ngazi zaidi ya 130, na aliyezipanda zote huona kwa wakati mmoja kisiwa kizima, mwamba ukiwa kama kivuli cha kahawia ndani ya maji ya samawati, na paa za Unguja kwa mbali.

Hatua chache kutoka mnarani upo msikiti mdogo uliojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita kwa ajili ya walinzi wa taa, kwa mtindo wa Kihindi usiofanana na misikiti yetu ya pwani. Taa ilipoacha kuhitaji watu, msikiti ungeweza kugeuka gofu kama nyumba ya mlinzi. Haukugeuka. Wafanyakazi wa kisiwa huswali humo, nasi tuliswali magharibi pamoja nao, mwongozaji wetu, mpishi na baharia wakiwa safu moja na wageni wao. Jengo ni dogo kiasi kwamba safu chache hulijaza. Tulitoka nje giza likiwa limekwisha kuingia, na hapo ndipo tulipoelewa sababu ya kukataza taa: nyota zilikuwa nyingi kama zinavyosimuliwa na manahodha wa zamani, waliozitumia kujua njia.

Wenye kisiwa hutoka usiku

Baada ya chakula cha usiku, wali wa nazi na vyakula vya mchanganyiko wa Kizanzibari, Kiarabu na Kihindi, tulichukua tochi tukafuata mwongozaji msituni. Msitu wa Chumbe umeota juu ya mawe matupu. Mizizi imepenya nyufa kutafuta unyevu, na katika mabonde ya ndani kuna vidimbwi vya mikoko ambavyo maji yake hupanda na kushuka kwa kufuata bahari, japo hakuna mfereji unaoonekana. Katika mawe ya njiani tulionyeshwa makombe makubwa yaliyoganda yakawa jiwe, ushahidi kwamba tulipokuwa tumesimama palikuwa chini ya maji zamani za kale.

Mwenyeji tuliyemtafuta ni kaa wa nazi. Huyu ndiye kaa mkubwa kuliko wote wanaoishi nchi kavu. Aliyekomaa aweza kufikia uzani wa kilo nne, na miguu yake ikinyooshwa hukaribia mita moja. Hukwea miti, na makucha yake yaweza kuipasua nazi. Ajabu yake kubwa ni kwamba, ingawa huzaliwa baharini na jike hurudi ufuoni kuachilia mayai yake, akishakuwa mkubwa akitumbukizwa majini hufa. Huishi miaka 40 na zaidi. Sehemu nyingi za Bahari ya Hindi ametoweka, kwa sababu ni mzito, hawezi kukimbia mbali, na nyama yake ni tamu.

Tulimkuta wa kwanza karibu na jiko, akiwa amesimama katikati ya njia kama mwenye hati ya kiwanja. Rangi yake ilikuwa ya zambarau iliyochanganyika na buluu. Mwongozaji alitutaka tuzime tochi zote isipokuwa moja, tukae kimya. Kaa alitutazama, akapima hewa kwa ndevu zake, kisha akaendelea na safari yake bila ya haraka. Kabla ya saa moja kupita tulikuwa tumewaona tisa.

Msituni pia huishi paa nunga waliohamishiwa kisiwani ili wapate pa kusalimika. Huyu ni paa mdogo asiyepatikana duniani ila Zanzibar na katika misitu ya pwani ya Kenya, yaani Arabuko-Sokoke upande wa Kilifi na Boni-Dodori upande wa Lamu. Hatukumwona. Tulisikia tu majani makavu yakikatika na kitu chepesi kikienda zake. Kuna ukumbusho hapo kwa sisi Wakenya: kiumbe ambaye wageni huvuka bahari wakitarajia kumwona kwa bahati anaishi jirani na mashamba yetu, na huko hutegewa mitego ya waya.

Uhai huo wa usiku ulihitaji kazi. Panya walioletwa kisiwani na vyombo walikuwa tishio kwa mayai na makinda ya ndege, na mwaka 1997 wakaangamizwa wote. Tangu hapo kila mzigo unaoingia huangaliwa. Kuacha pahali paendelee penyewe si uvivu. Kuna watu wanaokesha.

Aliyelipa gharama

Asubuhi, baada ya alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, tulitembea na mwongozaji upande wa mashariki baina ya vidimbwi, tukiwatazama viti vya pweza na majongoo bahari. Hapo tulimuuliza lile swali la barazani, kwa kuwa tulikuwa tumepata habari kwamba zamani alikuwa mvuvi.

Hakulikwepa. Alitueleza kwamba walinzi wengi wa kisiwa wametoka katika vijiji vya uvuvi vya ng'ambo, na kwamba miaka ya mwanzo iliwawia migumu. Aliyekuwa akivua na wenzake jana, leo anawafuata kwa boti kuwaambia waondoke. Walinzi hawana silaha; chombo chao ni maneno. Humsogelea mvuvi, humwamkia, humwita kwa jina la baba yake ikiwa anamjua, kisha humweleza mpaka ulipo na sababu yake. Mvuvi akiharibikiwa na mashine au akikutwa na dhoruba, mlinzi huyohuyo ndiye humvuta hadi salama. Kwa njia hiyo, alisema, heshima imejengeka polepole kuliko matumbawe yenyewe.

Hoja ya faida aliieleza kwa lugha ya mvuvi. Samaki hawajui mpaka. Wakishajaa ndani hutoka nje, na wanaokaa kando ya mpaka ndio wanaowapata. Wataalamu huongeza jambo ambalo wengi hatulijui: samaki jike mkubwa mmoja hutaga mayai mengi kuliko majike wadogo kadhaa ambao uzito wao kwa jumla ni sawa na wake. Bahari isiyo na pahali pa kukulia samaki wakubwa ni kama ghala lisilo na mbegu.

Hata hivyo, haki ya maneno yataka tuseme na upande wa pili. Hifadhi hii huishi kwa fedha za wageni, na wengi wa wageni hao hutoka mbali. Mvuvi wa ngalawa hali utalii. Ajira za kisiwani, ingawa nyingi zimeshikwa na wenyeji, haziwezi kumtosha kila aliyekuwa akivua hapo. Wala si kila mahali patapata mwamba wenye uzuri wa kulipiwa kiasi hicho. Linalopunguza uzito wa hoja hiyo ni kwamba wanafunzi wa Zanzibar hupelekwa kisiwani kujifunza bila ya kulipa, na maelfu wameshakwenda, wakiwemo mabinti wa wavuvi ambao hawakuwahi kutia uso majini.

Hima, Misali na tengefu

Kuweka mpaka ili kitu kipate kupumua si jambo geni kwa Waislamu. Mtume (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa eneo takatifu ambamo miti haikatwi na wanyama hawawindwi, na akatenga malisho ya Naqii kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Malisho ya namna hiyo huitwa hima. Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka mtu wa kusimamia hima, alimwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia au mbuzi wachache, wala asiwape nafasi matajiri wakubwa wa Madina, kwa sababu maskini mifugo yake ikifa hana pengine pa kukimbilia. Hivyo hima ya kweli ina sehemu mbili: mpaka unaoheshimiwa, na jicho linalomtazama mnyonge kwanza. Hifadhi inayomfungia mwenye ngalawa na kumfungulia mwenye meli haina sehemu ya pili.

Wavuvi wa Pemba wameshalijaribu hilo. Kisiwa cha Misali, ambacho hadithi ya wenyeji yasema kilifanywa msala na Nabii Khidhr, kilitangazwa hifadhi mwishoni mwa miaka ya 1990, na maimamu wakashirikishwa kueleza uvuvi wa baruti na nyavu haramu kwa hoja za dini. Katazo lililopita katika hati za ofisi bila ya kugusa moyo liliingia kwa njia ya mimbari.

Nasi Kenya hatuko mikono mitupu. Huko Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe, baada ya kuona bahari yao imekuwa tupu, walikubaliana mwaka 2005 kufunga kama hekta 30. Hawakungoja mtaalamu awape jina. Eneo hilo huitwa tengefu, yaani kilichotengwa. Neno hilo sasa hutumika katika vijiji vingi vya pwani yetu. Kule Wasini, kina mama wamejenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe na mikoko, na kiingilio cha wageni huwa ni kipato chao. Jirani yao iko hifadhi ya Kisite, ambayo haivuliwi, na Mpunguti, ambako uvuvi wa asili unaruhusiwa. Chumbe, Misali na Kuruwitu zimefungwa kwa njia tatu tofauti: kwa mkataba, kwa mimbari na kwa shauri la wazee. Kila moja imehitaji mtu wa kulinda na mtu wa kukubali kupungukiwa leo.

Kwa familia inayotaka kwenda

Anayepanga safari ya Chumbe aagize nafasi mapema, kwa kuwa nyumba ni saba, na katika masika makubwa kisiwa hakipokei wageni. Bei ya usiku mmoja si ya kila mfuko. Aulize kama kuna bei ya wakaazi wa Afrika Mashariki, au aende kwa siku moja. Achukue mzigo mwepesi, viatu vya kutembelea juu ya mawe makali, vazi la stara la kuogelea, na msala. Mtoto mdogo asiingie majini bila ya mtu mzima na boya. Mama mwenye maumivu ya magoti akumbuke kwamba chumba cha kulala kiko juu na boti haina gati.

Asiyeweza kufika Zanzibar hakukosa. Kuruwitu ni safari ya asubuhi kutoka Mombasa, na Wasini ni safari ya siku moja. Awachukue watoto, awakodishie miwani ya maji, awaonyeshe kwamba jiwe ni mji. Kisha wanapokaa kula samaki jioni, awaulize alivuliwa wapi, kwa zana gani, na kama alikuwa amefikia umri wa kutaga. Mteja anayekataa samaki mchanga sokoni ameshaweka mlango mdogo baharini bila ya kuondoka Markiti.

Kwa viongozi wetu wa mitaa na wa misikiti tuna ombi moja. Katika vijiji ambako suala la tengefu limefika barazani, lisiachwe mikononi mwa wenye miradi pekee. Waketi wavuvi wa ngalawa kabla ya wenye mashine, wachuuzi wa kike kabla ya wenye hoteli, na wakubaliane nani atafidiwa nini miaka ya mwanzo ambayo samaki bado hawajaongezeka. Makubaliano hayo yakisomwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, mbele ya watu wote, yatakuwa na ulinzi ambao hakuna boti ya doria iwezayo kuutoa.